Kabla mtoto hajajifunza kukwea, ajifunze kushuka

Mafia. Ukitoka Kilindoni kuelekea Utende, minazi inakusindikiza njia nzima. Mingine ni ya zamani, mirefu, imeinama kwa upepo, na mashina yake yana alama za miguu ya vizazi vya wakwezi. Chini yake wanacheza watoto ambao hawakuwahi kukalishwa na mtu wakafundishwa kukwea. Wamejifunza kwa kuangalia.

Mnazi mrefu hufika mita 20, na mingine huzidi hapo. Sasa linganisha na mchezo wa kukwea ukuta, ambao siku hizi unachezwa ndani ya kumbi katika miji mingi duniani. Ukuta wa mashindano ya kasi ya Olimpiki una urefu wa mita 15, na anayeukwea amefungwa mkanda, amefungwa kamba, na juu yake kuna mashine inayomshusha taratibu akiteleza. Ukuta unaokwewa bila kamba kwenye mashindano hayo hauzidi mita nne na nusu, na chini yake yametandikwa magodoro mazito.

Mtoto wa miaka 11 anayetumwa kuangua madafu mawili anaupita urefu wote huo akiwa peku. Hana kamba, hana godoro, na chini yake kuna ardhi, visiki na pengine panga aliloliacha mwenzake.

Makala haya hayamwambii mzazi awafungie watoto ndani. Mtoto atakwea tu, na kukwea kuna faida kubwa kwa mwili wake. Tunachofanya ni kuchukua masomo ya kwanza anayofundishwa mtu yeyote anayeanza mchezo wa kukwea ukumbini, kisha tuone yanavyoweza kutumika nyumbani, hata mahali ambapo hakuna ukumbi.

Mchezo wenyewe ni upi?

Kukwea ukuta ni mchezo ambao mtu hupanda ukuta uliowekwa vishikio vya mikono na vikanyagio vya miguu vya rangi na maumbo tofauti. Kila rangi huwa ni njia moja. Njia nyepesi ina vishikio vikubwa vilivyo karibu karibu. Njia ngumu ina vishikio vidogo vilivyo mbali.

Zipo namna kuu mbili ambazo anayeanza atakutana nazo. Ya kwanza ni ukuta mfupi usiotumia kamba, ambapo ukishindwa unaangukia godoro. Ya pili ni ukuta mrefu wa kamba. Hapa kamba inapita juu ya ukuta. Upande mmoja amefungwa anayekwea, na upande wa pili ameshika mwenzake aliye chini. Mshika kamba ndiye anayekaza kamba mwenzake anapopanda na kumshusha anapomaliza. Kumbi nyingine zina mashine inayofanya kazi ya mshika kamba.

Mchezo huu uliingia rasmi kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyopangwa mwaka 2020 na kufanyika 2021 kwa sababu ya Uviko-19. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, dhahabu ya wanaume katika kukwea kwa kasi ilikwenda kwa Veddriq Leonardo wa Indonesia, nchi ya visiwa na minazi kama Mafia. Aliumaliza ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.75.

Kwa Afrika Mashariki, mji ambao mchezo huu una historia ndefu ni Nairobi. Mountain Club of Kenya, chama cha wapanda milima kilichoanzishwa mwaka 1949, kimekuwa kikiwapeleka watu kukwea miamba ya Lukenya na ile ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Ukumbi wa ndani wa BlueSky nao uliwapa watu wa jiji hilo nafasi ya kujaribu bila kusafiri hadi mlimani.

Faida zake mwilini

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za mazoezi kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki mazoezi hayo yawe ya kuimarisha misuli na mifupa. Kukwea kunagusa vyote viwili. Mtoto anasukuma kwa miguu, anavuta kwa mikono, anajishikilia kwa tumbo na mgongo, na mifupa yake inabeba uzito wake mwenyewe.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Anayekwea hawezi kwenda tu. Lazima asimame, aangalie juu, apange mguu wa kulia utakwenda wapi, mkono wa kushoto utashika nini, na kama atabaki na nafasi ya kurudi. Anajifunza kupima hatari akiwa ndani yake, na kuimudu hofu badala ya kuificha. Mtoto anayekaa na simu mchana kutwa hapati somo hilo.

Kwa mzazi mwenyewe, WHO inashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli walau siku mbili. Hakuna umri ambao mtu mwenye afya njema anaambiwa amechelewa kuanza kukwea, mradi aanze na njia nyepesi.

Upande wa pili ni kuanguka

Kwa makadirio ya WHO, watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Baada ya ajali za barabarani, kuanguka ndiko kunakoongoza kwa vifo vya ajali duniani.

Mtoto anayeanguka mtini hutanguliza mikono. Ndiyo maana mifupa inayovunjika mara kwa mara ni ya kifundo cha mkono, ya kigasha na ile iliyo karibu na kiwiko. Akianguka kutoka juu zaidi, yanayohofiwa ni kichwa, shingo na uti wa mgongo. Jeraha la uti wa mgongo linaweza kumwacha mtoto bila nguvu za miguu maisha yake yote.

Kwa mkazi wa kisiwani kuna jambo la ziada. Hospitali ya Wilaya iko Kilindoni. Mgonjwa akihitaji upasuaji mkubwa wa mifupa au wa uti wa mgongo, safari ni ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Hiyo ina maana ya ndege, au boti hadi Nyamisati wilayani Kibiti kisha barabara. Kwa mtu aliyevunjika mgongo, kila mtikisiko njiani ni hatari mpya. Kinga hapa ina thamani kuliko mahali pengine.

Somo la vidato

Neno kidato tunalolitumia shuleni ni neno la wakwezi. Kidato ni ule mkato unaochongwa kwenye shina la mnazi ili mguu upate pa kukanyaga. Mkwezi haruki kidato. Anakanyaga cha kwanza, kisha cha pili. Tumfundishe mtoto kwa utaratibu huohuo.

Kidato cha kwanza: miguu bado iko chini

Kwenye kumbi, anayeanza hafundishwi kupanda kwanza. Anafundishwa kuanguka. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na walimu wa mchezo huu wangekubaliana nao.

Mweke mtoto kwenye mchanga laini, au kwenye godoro, aruke kutoka kwenye kitu kisichozidi urefu wa goti. Atue kwa miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yakiwa yamekunjika. Asijikaze kubaki amesimama. Ajiache akae, kisha abiringike kwa mgongo huku mikono akiwa ameikumbatia kifuani na kidevu kimeinama. Kosa kubwa ni kupeleka mikono nyuma ili kujizuia. Hapo ndipo kifundo cha mkono au kiwiko huvunjika. Arudie mara nyingi, kwa siku kadhaa, mpaka mwili ufanye wenyewe bila kufikiri.

Kabla ya kuanza, apashe mwili joto: azungushe mabega, achuchumae na kuinuka, akunje na kukunjua vidole. Kucha zikatwe. Pete, bangili na mikufu vivuliwe, kwani pete ikinasa wakati mwili unaanguka inaweza kung'oa kidole.

Kidato cha pili: usawa wa goti hadi kiuno

Hapa mtoto anasogea kwa upande, kama kaa, bila kupanda juu. Kumbi nyingi na shule nyingi za nje zina ukuta mfupi wa namna hiyo kwa ajili ya watoto, na miguu ya mtoto haipiti mita moja kutoka chini.

Ukuta kama huo unaweza kutengenezwa. Mafia ni kisiwa chenye mafundi wa mashua wanaojua mbao na wanaojua kukaza kitu kisilegee. Mbao nene iliyokazwa vizuri kwenye ukuta imara wa shule, vipande vya mbao ngumu vilivyopigwa msasa vikawa vishikio, vyote vikiwa vimefungwa kwa bolti. Misumari isitumike, maana hulegea na kuchoma. Chini pawekwe mchanga usio na kokoto wenye kina cha sentimita 30, na uchakurwe kila siku kwa sababu ukikanyagwa unakuwa mgumu kama sakafu. Mchanga wa kina hicho ni wa kupokea mtoto anayeanguka kutoka kama mita moja, haumfai anayeanguka kutoka kwenye paa.

Katika kidato hiki mtoto anajifunza kanuni mbili. Ya kwanza: viungo vitatu vishike, kimoja kitembee. Ana mikono miwili na miguu miwili. Wakati wowote vitatu viwe vimetulia kabla cha nne hakijaondoka. Ya pili: miguu ndiyo inayopandisha, mikono inashikilia tu. Wanaoanza karibu wote hujivuta kwa mikono, na baada ya dakika tano vigasha vinajaa na vidole vinafunguka vyenyewe. Mwambie anyooshe mikono, asukume kwa miguu, na aweke ncha ya mguu, pale kwenye kidole gumba, badala ya katikati ya wayo.

Kidato cha tatu: mpaka kichwa cha mzazi

Sasa anaweza kupanda, lakini miguu yake isipite usawa wa kichwa cha mtu mzima aliyesimama chini. Tawi la chini la mwembe, nene na bichi, linafaa. Lililokauka halifai, na la mti usioujua lijaribiwe kwanza na uzito wako.

Kanuni ya kidato hiki ni rahisi: usimnyanyue mtoto kumweka tawini. Asipoweza kufika mwenyewe, mwili wake bado haujawa tayari kwa urefu huo. Mtoto aliyepanda kwa nguvu zake mara nyingi ana njia ya kurudi, aliyepandishwa hana.

Kila anapopanda hatua mbili, mwambie ashuke hatua moja. Kushuka ni kugumu zaidi kwa sababu macho hayaoni pa kukanyaga na mguu unapapasa. Anayefanya zoezi hilo tangu mwanzo hatakwama juu akilia, na watu wazima hawatalazimika kumfuata.

Shina likiwa na umande au mvua imetoka kunyesha, hakuna kupanda siku hiyo. Na chini ya anayepanda asikae mtu. Dafu lililojaa maji linaweza kufika kilo mbili, na likitoka juu ya mnazi halichagui kichwa.

Kidato cha nne: kamba na mwalimu

Kupita hapo, mtoto anahitaji kamba, mkanda na mtu aliyefunzwa. Hapa wazazi wengi wa pwani watakuwa na wazo: kamba tunazo, mafundo tunayajua. Ni kweli kwamba mvuvi anajua mafundo kuliko wageni wengi wanaoanza mchezo huu. Fundo la umbo la namba nane, linalofungwa kwenye mkanda wa mkweaji, halitamsumbua mtu aliyezoea kufunga mashua.

Lakini kamba ya mashua siyo ya kukwelea. Kamba ya mchezo huu imetengenezwa inyumbuke, ili mtu akianguka isimkate ghafla. Ya mashua hainyumbuki hivyo, na ikishakaa juani na kwenye chumvi inachakaa ndani huku nje inaonekana nzima. Kumfunga mtoto kamba kiunoni nako ni hatari: akianguka, uzito wote unabana tumbo na mbavu. Mkanda halisi hugawa uzito kiunoni na mapajani, na kwa watoto wadogo ambao nyonga zao bado ni nyembamba hutumika wa mwili mzima, maana ule wa kiunoni unaweza kumchomoka akipinduka kichwa chini.

Pasipo vifaa hivyo, kidato cha tatu ndiyo mwisho. Mtoto hatapungukiwa na kitu.

Mwili wa mtoto na vidole vyake

Mifupa ya mtoto inakua kupitia tabaka laini za gegedu zilizo karibu na maungio. Tabaka hizo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, na hubaki wazi mpaka ujana unapokaribia kuisha. Mkweaji kijana anayening'inia kwa ncha za vidole kila siku anaweza kuzivunja bila ajali yoyote, kwa kuzichosha tu.

Dalili yake ni maumivu katika kiungo cha katikati cha kidole, hasa kidole cha kati, yanayozidi kadiri anavyokwea. Kijana akilalamika hivyo, apumzike na apelekwe kwa daktari. Asichuliwe, asiambiwe avumilie. Mazoezi ya kujining'iniza kwa vidole viwili au vitatu waachiwe watu wazima.

Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha kwa anayeanza, na zipishane na siku za kupumzika. Mtoto mwenye kifafa, selimundu au tatizo la moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Mwenye selimundu anahitaji maji ya kutosha na mapumziko ya mara kwa mara, kwani kuchoka sana na kuishiwa maji kunaweza kumletea maumivu makali. Mama mjamzito aache michezo yenye hatari ya kuanguka.

Na watoto wa kike?

Katika nyumba nyingi za pwani, kaka anapopanda mti anasifiwa, dada akipanda anaitwa ashuke. Sababu zinazotajwa ni mavazi na heshima. Mavazi yanatatulika. Suruali pana ndani ya gauni lililofungwa kiunoni, na hijabu ya michezo isiyo na ncha za kuning'inia, vinatosha. Kwenye kumbi za kukwea kinachokatazwa ni kitu kinachoweza kunasa, haijalishi ni cha nani.

Mwili wa msichana unahitaji mazoezi ya kuimarisha mifupa kama wa kaka yake, pengine zaidi, kwa kuwa mfupa unaojengwa ujanani ndio unaombeba mwanamke baada ya kukoma hedhi. Na kama kuna anayedhani mchezo huu ni wa wanaume, Janja Garnbret wa Slovenia alitwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo na akairudia Paris.

Ukipata safari ya ukumbini

Familia itakayofika Nairobi, au mji mwingine wenye ukumbi wa ndani, haihitaji kununua chochote kwanza. Viatu maalumu na mikanda hukodishwa hukohuko. Viatu vya kukwea hubana kidogo, ila vya mtoto visimkunje vidole. Mguu wake bado unakua. Nguo iwe nyepesi na isiyozuia goti kupanda.

Kabla ya kulipa, uliza maswali manne. Nani atawapa mafunzo ya mwanzo, na yatachukua muda gani? Mkufunzi mmoja anaangalia watoto wangapi? Mikanda na kamba hukaguliwa lini? Mtoto akiumia, utaratibu wa huduma ya kwanza ni upi? Ukumbi mzuri utajibu bila kukasirika. Utatakiwa pia kusaini fomu ya kukubali hatari. Isome yote, hata kama foleni ni ndefu.

Kisha angalia jambo moja. Kabla ya mtu kuacha ardhi, yeye na mshika kamba wake wanatakiwa wakaguane: mkanda umekazwa, fundo limefungwa, kamba imepita sawasawa kwenye kifaa cha mshikaji, karabina imefungwa. Hufanya hivyo kila mara, hata waliokwea pamoja miaka kumi. Ukiona watu wanapanda bila kukaguana, mchukue mwanao mwende mkale aiskrimu.

Mtoto akianguka

Haya yafaa kujulikana na kila mtu mzima aliye karibu na mti.

Kama amepoteza fahamu, analalamika shingo au mgongo, miguu ina ganzi au haichezi, asiinuliwe, asikalishwe, asipewe maji. Mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke. Akilazimika kuhamishwa, watu wanne au zaidi wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, alazwe kwenye mlango au ubao mgumu, na afungwe asiteleze.

Mkono au mguu ukivunjika, uache ulivyo. Usivute, usinyooshe, usichue. Fungia vipande viwili vya ubao vyenye kitambaa laini pembeni, bila kubana, kisha twende hospitali. Angalia vidole kila baada ya muda: vikiwa baridi, vimepauka, havina hisia au maumivu yanazidi badala ya kupungua, fungo limebana au damu haipiti, na hiyo ni dharura. Gango lililobanwa sana kwa siku kadhaa limewahi kuwagharimu watoto mikono ambayo mfupa wake ungeunga vizuri tu.

Aliyegonga kichwa aangaliwe kwa saa 24 hata kama anacheka. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akipata degedege, au damu au majimaji yakitoka puani au sikioni, apelekwe hospitali usiku huohuo. Asisubirishwe mpaka asubuhi.

Dafu la mgeni

Limebaki suala moja ambalo halihusu mafunzo. Mara nyingi anayempandisha mtoto juu ya mnazi ni sisi. Mgeni amefika, ni vizuri anywe dafu, mkwezi yuko mbali na anataka malipo yake, na mtoto yupo hapa ni mwepesi. Anatumwa. Akishuka salama anasifiwa mbele za watu, na wenzake wanasikia.

Kuangua nazi ni kazi ya ufundi. Mkwezi wa kweli ana kitanzi cha kamba cha miguuni, anajua mnazi upi umeoza kileleni, anajua kuti lipi halishikwi, na ameanza na minazi mifupi kabla ya mirefu. Malipo anayodai kwa mnazi mmoja ni bei ya ujuzi huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kupewa kazi yenye madhara kwa afya yake, na ni vigumu kueleza kwa nini kuangua madafu kwenye mnazi wa mita 20 kusihesabiwe humo.

Mgeni anaweza kusubiri mkwezi arudi. Anaweza kunywa la mnazi mfupi, linalofikiwa kwa upembo mtu akiwa amesimama chini. Anaweza pia kunywa maji, na heshima ya nyumba ikabaki palepale. Mtoto yeye aendelee kukwea mwembe wake, mpaka usawa wa kichwa cha baba, na kila akipanda hatua mbili, ashuke moja.